Vĩnh San, mfalme wa Vietnam aliyekufa akiwa meja wa jeshi la Ufaransa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu unahusu maisha ya kijeshi ya Vĩnh San, aliyetawala Vietnam kwa jina la Duy Tân kuanzia 1907 hadi 1916, akapelekwa uhamishoni kisiwani Réunion, kisha akavaa sare ya nchi ileile iliyomng'oa kitini. Alifia Afrika ya Kati mwaka 1945. Majibu ni marefu zaidi pale ambapo habari zake hukorogwa sana, hasa vyeo vyake na safari yake ya mwisho.

Vĩnh San na Duy Tân ni mtu mmoja?

Ndiyo. Duy Tân ni jina la enzi, ambalo mfalme wa Vietnam alilipokea siku ya kutawazwa. Vĩnh San ni jina lake la kuzaliwa. Jina kamili ni Nguyễn Phúc Vĩnh San. Watu wa kati na kusini hutamka na kuandika Phước badala ya Phúc, kwa hiyo usidhani umepata mtu mwingine ukiliona hivyo.

Neno Vĩnh linaonyesha kizazi. Mfalme Minh Mạng aliwaachia wajukuu wake shairi la maneno 20, kila kizazi kikichukua neno moja kwa zamu: Miên, Hồng, Ưng, Bửu, Vĩnh, na kuendelea. Ukilijua hilo, ukoo mzima unasomeka kwa urahisi. Baba yake, mfalme Thành Thái, aliitwa Bửu Lân. Babu yake Dục Đức alikuwa wa kizazi cha Ưng. Bảo Đại, mfalme wa mwisho, aliitwa Vĩnh Thụy, yaani yeye na Vĩnh San walikuwa wa kizazi kimoja ingawa matawi yao ya ukoo yalikuwa tofauti.

Katika jeshi la Ufaransa alijulikana kama Vinh San, bila alama za juu ya herufi. Mara nyingi huandikwa "prince Vinh San", kwa sababu Wafaransa waliepuka kumwita mfalme.

Alizaliwa lini, na alitawazwaje akiwa mtoto?

Alizaliwa Huế, mji mkuu wa kifalme, tarehe 19 Septemba 1900. Mwaka 1907 Wafaransa walimlazimisha baba yake kuachia kiti kwa madai kwamba ana wazimu. Thành Thái alikuwa mkaidi mbele yao, na madai ya wazimu yaliwapa njia ya kumwondoa bila kufanya mashauri. Wakamtafuta mrithi mdogo, wakitumaini kwamba mtoto atafuata anachoambiwa. Vĩnh San alitawazwa tarehe 5 Septemba 1907, akiwa hajatimiza hata miaka 7.

Nini hasa kilitokea Mei 1916?

Swali hili lina uzito kuliko yote, maana linaeleza kwa nini miaka mingi baadaye Ufaransa iliogopa kumpa bunduki.

Vita Kuu ya kwanza ilipopamba moto, Ufaransa ilianza kukusanya watu Indochina (Vietnam, Laos na Kambodia zilizokuwa chini yake) kwa ajili ya Ulaya: askari wa kupigana na vibarua wa viwandani. Hadi vita vinakwisha walikuwa wamepelekwa zaidi ya 90,000. Mwanzoni mwa 1916 kundi kubwa la vijana walioandikishwa lilikuwa Huế likisubiri meli, na wengi hawakutaka kwenda. Viongozi wawili wa chama cha siri cha Việt Nam Quang Phục Hội, Thái Phiên na Trần Cao Vân, waliona hapo nafasi: askari wapo, wamejaa manung'uniko, na wako mlangoni pa ikulu.

Kumfikia mfalme halikuwa jambo rahisi, maana kila aliyeingia ikulu aliandikwa. Walipitia kwa dereva wake, wakakutana naye kwenye ziwa la Hậu, wakijifanya wavuvi wa ndoana. Mfalme alikuwa na miaka 15. Alikubali.

Mpango ulikuwa uasi uanze usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, Huế na mikoa ya kati kama Quảng Nam na Quảng Ngãi kwa pamoja. Mfalme atoke ikulu kwa siri, ajiunge na wapiganaji, uasi upate jina lake.

Ulivunjika kwa sababu mbili. Kwanza, siri ilivuja Quảng Ngãi, askari mmoja alipomdokezea nduguye, na habari zikawafikia Wafaransa kabla ya siku yenyewe. Pili, na hapa ndipo udhaifu wa mpango ulipokuwa, nguvu zote za uasi zilitegemea askari ambao bunduki zao zilikuwa chini ya funguo za Wafaransa. Mara tu walipojua, walizifungia silaha na kuwazuia askari Wavietnam kambini. Asubuhi ikafika, mfalme yuko nje ya ikulu na jeshi lake halina hata risasi moja.

Alikamatwa tarehe 6 Mei kusini mwa Huế. Aliombwa arudi kwenye kiti kana kwamba hakuna kilichotokea, akakataa. Thái Phiên na Trần Cao Vân waliubeba mzigo wote wa lawama ili kumwokoa, na tarehe 17 Mei wakakatwa vichwa. Siku iliyofuata Khải Định akawekwa kitini.

Kwa nini alipelekwa Réunion?

Réunion iko katika Bahari ya Hindi, kama kilomita 700 mashariki mwa Madagascar. Ni mbali na Vietnam kiasi cha kukata mawasiliano, na ilikuwa koloni tulivu la Ufaransa. Serikali ya Paris ilikuwa imezoea kuwatupa huko wafalme iliowashinda. Said Ali, sultani wa Ngazidja, alifungiwa huko. Malkia Ranavalona III wa Madagascar alipitia huko mwaka 1897 kabla ya kupelekwa Algiers. Abd el-Krim wa Rif, Morocco, alikaa huko kuanzia 1926 hadi 1947. Mfalme mwingine wa Vietnam, Hàm Nghi, alikuwa tayari Algiers tangu 1889. Waingereza nao walifanya yaleyale: Sayyid Khalid bin Barghash wa Zanzibar alipelekwa Shelisheli na Saint Helena.

Vĩnh San na baba yake walipandishwa meli ya Guadiana huko Cap Saint-Jacques, Vũng Tàu ya leo, tarehe 3 Novemba 1916, wakashuka bandari ya Pointe des Galets tarehe 20 Novemba. Mama yake, dada yake na mkewe Mai Thị Vàng waliandamana naye, lakini baada ya takriban miaka miwili walirudi Vietnam. Yeye alibaki kwa karibu miaka 29.

Aliishi kwa kazi gani?

Aliishi mjini Saint-Denis, mbali na nyumba ya baba yake, na kujipatia riziki kwa kutengeneza redio. Alikuwa na karakana aliyoiita Radio-Laboratoire. Alipiga fidla, alipanda farasi wa mashindano, na aliandika Kifaransa kizuri; mwaka 1924 Akademia ya Réunion ilimpa tuzo ya kwanza ya uandishi.

Kwa maisha yake ya kijeshi, hiyo kazi ya redio ndiyo iliyomfungulia mlango, kwa hiyo inafaa kueleza ilivyokuwa. Redio za wakati huo zilitumia taa za kioo ndani yake, si transista. Kisiwani, chumvi ya bahari na unyevu hula viungo vilivyolehemiwa, kapasita za karatasi hunyonya maji na kuvujisha umeme, na taa iliyoungua inaweza kusubiri meli kwa miezi. Fundi wa mahali kama pale hujifunza kufanya bila vipuri: kusuka upya koili kwa mkono, kuhamisha taa kutoka kifaa kimoja hadi kingine, kubuni kisicholetwa.

Pia hujifunza anga. Masafa mafupi hudunda juu angani na kurudi ardhini maelfu ya kilomita mbele, na mita bendi (kundi la masafa) inayofaa mchana haifai usiku. Kwa mita bendi 31, waya wa antena wa karibu mita 15 ulionyooshwa juu kati ya miti miwili unatosha kuinasa Ulaya. Mtu mwenye ujuzi huo, kwenye kisiwa ambacho magazeti yake yanasimamiwa na gavana, ana habari kabla ya gavana kuamua watu wazijue au wasizijue.

Kwa nini maombi yake ya kuingia jeshini yalikataliwa kwa muda mrefu?

Tangu miaka ya 1930 aliandika akiomba kuachiliwa, na akaomba pia kuingia jeshi la Ufaransa. Alinyimwa yote. Wizara ya Makoloni haikuwa imesahau kwamba mtu huyu aliwahi kujaribu kuwageuza askari wa Ufaransa wenyewe.

Kulikuwa pia na ukuta wa kisheria. Mvietnam wa kusini, Cochinchina, alikuwa raia wa chini wa koloni. Wa Annam (kati) na Tonkin (kaskazini) alihesabiwa mtu wa nchi iliyo chini ya ulinzi. Wote hawakuwa raia kamili wa Ufaransa. Mwenyeji angeweza kupanda hadi sajini katika vikosi vya wenyeji, na wachache walipewa uafisa kwa daraja la wenyeji, lakini uafisa kamili, wa kuwaamuru Wafaransa, ulipitia uraia au shule kubwa za Ufaransa. Waliofanikiwa walikuwa wa familia tajiri. Đỗ Hữu Vị, mwana wa tajiri mkubwa wa Chợ Lớn, aliingia chuo cha maafisa wa jeshi cha Saint-Cyr mwaka 1904, akawa afisa wa Légion étrangère (kikosi cha Ufaransa cha askari wa kigeni) na rubani, akauawa kwenye mapigano ya Somme tarehe 9 Julai 1916. Nguyễn Văn Xuân alipitia École Polytechnique, akawa afisa wa mizinga, na baadaye jenerali.

Tazama tarehe hizo. Mwezi Julai 1916 Kapteni Vị anakufa kwa ajili ya Ufaransa, na wakati huohuo mfalme wake yuko kizuizini akisubiri meli. Vĩnh San hakuwa na Saint-Cyr wala uraia, na jalada lake lilianza na neno uasi.

Vita vya pili vilibadilisha nini?

Juni 1940 Ufaransa ilianguka mikononi mwa Wajerumani. Jenerali de Gaulle aliwaita Wafaransa waendelee kupigana, na Vĩnh San alichagua upande wake bila kusitasita. Réunion, chini ya Gavana Aubert, ilibaki na serikali ya Vichy, iliyoshirikiana na Wajerumani. Waingereza wakaifungia bahari: meli chache, mchele haba, habari za nje hakuna isipokuwa za redio. Vĩnh San alisikiliza, akasambaza, na akawasiliana na watu wa Ufaransa Huru, yaani wafuasi wa de Gaulle. Aligunduliwa, akawekwa ndani kwa majuma sita hivi.

Hapa historia yake inapakana na ya askari wetu. Ili Réunion ianguke, ilibidi Madagascar itangulie. Waingereza walitua Diego-Suarez tarehe 5 Mei 1942. Septemba mwaka huohuo wakatua Mahajanga, na miongoni mwa waliosonga kutoka hapo kuelekea Antananarivo na kusini zaidi ilikuwa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki: askari wa King's African Rifles kutoka Kenya, Tanganyika na Nyasaland. Mji mkuu ulitwaliwa tarehe 23 Septemba, na mapigano yakakoma mwanzoni mwa Novemba. Baada ya hapo Aubert hakuwa na jirani wa kumtegemea.

Tarehe 28 Novemba 1942 manowari Léopard ya Ufaransa Huru, ikitokea Mauritius, ilifika Saint-Denis. Baada ya kurushiana risasi kidogo upande wa bandari, gavana alisalimu amri tarehe 30, na André Capagorry akashika nafasi yake. Manowari ilihitaji mtu wa redio. Kisiwani palikuwa na mmoja hodari, na mara hii hakuna aliyemzuia kupanda.

Kwa hiyo alikuwa mwanamaji?

Kwa muda mfupi. Alihudumu kwenye Léopard kama mtu wa mawasiliano ya redio kwa miezi michache, kisha akahamia jeshi la nchi kavu. Manowari yenyewe ilikwama na kupotea pwani ya Libya, karibu na Benghazi, Mei 1943, naye hakuwamo.

Vyeo vyake vilikuwa vipi, na kwa nini tarehe zinagongana?

Ufunguo ni agizo moja. Tarehe 29 Oktoba 1945 de Gaulle alitia saini agizo lililohalalisha mfululizo wa vyeo vya Vĩnh San kwa kurudi nyuma:

– luteni usu, kuanzia 5 Desemba 1942
– luteni, kuanzia 5 Desemba 1943
– kapteni, kuanzia Desemba 1944
– meja (kwa Kifaransa commandant au chef de bataillon), kuanzia 25 Septemba 1945

Kwa maana hiyo, ukisoma kwamba "alikuwa kapteni mwaka 1944", ni kweli kwa hesabu ya agizo. Lakini usimpige picha akilini ya mtu aliyeamuru kikosi mwaka huo akiwa na mistari mitatu ya kapteni begani. Katika miaka hiyo aliendelea kupambana na vikwazo vya watu wa utawala waliokawiza jalada lake, na sehemu ya utumishi wake aliifanya katika ngazi za chini kabisa. Agizo la Oktoba lilikusanya miaka mitatu ya kucheleweshwa na kuilipa kwa siku moja.

Anayeandika kumhusu anapaswa kutenganisha mambo mawili: tarehe ambayo cheo kinahesabiwa, kwa ajili ya mshahara na ukubwa kazini, na tarehe ambayo cheo kilitolewa kweli. Kwa vyeo vyake vyote vinne, ya kwanza imetangulia ya pili. Kurasa nyingi huchukua moja bila kusema ni ipi, na ugomvi wote wa tarehe huanzia hapo. Wanaomwita luteni kanali wamevuka agizo hilo, ambalo linaishia kwenye meja, mistari minne.

Kwa nini de Gaulle alifanya haraka hivyo? Maoni yetu ni kwamba alikuwa akimwandalia kazi ya kisiasa. Haingewezekana kurudi Vietnam na mfalme wa zamani aliyevaa sare ya luteni usu mpya.

Alipigana kwenye uwanja wa vita?

Hapana, si kama afisa wa kuongoza mashambulizi. Mwaka 1945 aliletwa Ulaya na kupangiwa makao makuu ya Divisheni ya 9 ya askari wa miguu wa kikoloni, iliyokuwa Ujerumani eneo la Msitu Mweusi. Divisheni hiyo ilikuwa imepigana Elba na Toulon mwaka 1944, kisha Alsace, na kuvuka mto Rhine. Yeye alifika Ulaya ilipokuwa na amani. Hilo halimpunguzii kitu: kisiwani alihatarisha uhuru wake wakati ambapo kuisikiliza redio ya London kulitosha kumtia mtu kizuizini.

Divisheni hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikiandaliwa kupelekwa Indochina. Kumweka humo hakukuwa jambo la bahati.

Alikubaliana nini na de Gaulle?

Walikutana Paris tarehe 14 Desemba 1945. Kwa simulizi la Vĩnh San kwa rafiki zake, de Gaulle alikuwa tayari kwenda naye Vietnam mwanzoni mwa 1946, karibu Machi, na kumrudisha kwenye kiti.

Kuelewa kwa nini, angalia hali ilivyokuwa. Machi 1945 Wajapani walikuwa wameupindua utawala wa Kifaransa Indochina. Agosti Bảo Đại alijiuzulu. Tarehe 2 Septemba Hồ Chí Minh alitangaza uhuru mjini Hanoi. Oktoba vikosi vya Jenerali Leclerc wa Ufaransa vilitua Saigon. Ufaransa ilimhitaji Mvietnam mwenye heshima ya uzalendo, na ndani ya ukoo wa kifalme hakuwapo mwingine mwenye sifa hiyo: aliyeinuka dhidi ya Wafaransa akiwa na miaka 15, na aliyeinuka dhidi ya Vichy akiwa mtu mzima.

Je, alikuwa kibaraka?

Wapo wanaosema hivyo, na swali ni halali. Jibu letu ni hapana, kwa sababu ya alichokidai. Aliandika wosia wa kisiasa, uliochapishwa katika gazeti la Combat Julai 1947 baada ya kifo chake. Jambo aliloling'ang'ania lilikuwa umoja wa Tonkin, Annam na Cochinchina kuwa nchi moja. Kwa wakoloni wa Saigon hilo halikuvumilika, maana Cochinchina kwao ilikuwa koloni kamili, yenye mashamba ya mpira na mchele. Kibaraka angeanza kwa kuwaachia hilo.

Udhaifu wa mpango ulikuwa kwingine: ulisimama juu ya mtu mmoja huko Paris. De Gaulle alijiuzulu tarehe 20 Januari 1946, hata mwezi haujapita tangu ajali. Hata kama Vĩnh San angefika salama, mlinzi wake mkuu asingekuwapo, na huko Hanoi tayari palikuwa na serikali yenye jeshi lake.

Ajali ilitokeaje?

Alitaka kwanza kuiona familia yake Réunion. Aliondoka uwanja wa Le Bourget, Paris, asubuhi ya tarehe 24 Desemba 1945 kwa ndege ya Lockheed C-60, aina ya Lodestar yenye injini mbili. Njia ilipitia Algiers, kisha Fort-Lamy, ambayo leo ni N'Djamena. Tarehe 26 Desemba, saa nane kasoro dakika kumi mchana, ndege iliruka Fort-Lamy kuelekea Bangui. Saa kumi na mbili unusu jioni kwa saa za GMT ilianguka karibu na kijiji cha Bassako, wilaya ya M'Baïki, katika koloni la Oubangui-Chari, Jamhuri ya Afrika ya Kati ya leo. Hakuna aliyepona. Pamoja naye walikufa rubani mwenye cheo cha meja, maluteni wawili na wanajeshi wanne.

Sasa piga hesabu. Kutoka Fort-Lamy hadi Bangui ni chini kidogo ya kilomita 1,000. Lodestar inayosafiri kilomita 320 kwa saa humaliza mwendo huo kwa saa tatu hivi. Hii ilikaa hewani zaidi ya saa nne unusu. Isitoshe M'Baïki iko kama kilomita 100 kusini-magharibi mwa Bangui, yaani ndege ilikwisha kuupita mji uliokusudiwa. Na karibu na ikweta jua la Desemba huzama mapema, giza huingia kwa ghafla; kwa saa za huko ilikuwa saa moja unusu usiku. Chini ni msitu mnene, hakuna taa, hakuna reli, hakuna barabara pana ya kufuata. Rubani aliyekosa uwanja kabla ya machweo hana kitu cha kumwelekeza tena ila redio na mafuta yaliyobaki kwenye tangi.

Je, aliuawa?

Tetesi zilianza mapema. Watu waliona vigumu kuamini kwamba mtu anayekaribia kurudishwa kitini anaanguka siku 12 tu baada ya kukutana na de Gaulle, na kila upande uliokuwa na maslahi Indochina ulinyooshewa kidole. Hakuna ushahidi uliowahi kuthibitisha hujuma. Muda uliopotea hewani, mahali ilipoanguka na saa ya usiku vinaendana vizuri na ndege iliyopotea njia ikaishiwa mafuta, na ajali za aina hiyo katika anga ya Afrika ya wakati huo zilikuwa nyingi.

Amezikwa wapi?

Kwa zaidi ya miaka 40 alilala kwenye makaburi ya misheni ya Kikatoliki ya M'Baïki. Mwaka 1987 mabaki yake yalichukuliwa, yakapitia Paris, na tarehe 6 Aprili yakazikwa Huế kwenye uwanja wa An Lăng, kaburi la babu yake Dục Đức. Baba yake yupo hapohapo: Thành Thái aliruhusiwa kurudi Vietnam mwaka 1947 na kufariki Saigon mwaka 1954. Anayezuru Huế asiende kwenye makaburi makubwa ya Tự Đức au Khải Định kuwatafuta. An Lăng ni dogo, liko kusini mwa mji, na watalii wengi hupita bila kuliona.

Saint-Denis ina barabara yenye jina la Vinh San, na miji ya Vietnam ina mitaa ya Duy Tân.

Nikitaka kumtafuta kwenye nyaraka nianzie wapi?

Anza na tahajia. Tafuta Vinh San, Vinh-San, Vĩnh San na Duy Tân kila moja peke yake, maana injini za utafutaji za maktaba hazizichukulii kuwa jina moja. Neno "Duy Tân" peke yake litakuletea pia harakati za mageuzi za mwanzoni mwa karne ya 20 zenye jina hilohilo. Ongeza Réunion au 1916 ili kuchuja.

Makaratasi yamegawanyika kulingana na ofisi iliyomshughulikia. Ya utawala wa Indochina na Wizara ya Makoloni, yakiwemo ya uasi wa 1916, yako Aix-en-Provence kwenye hifadhi ya makoloni ya Ufaransa. Ya kijeshi yako kwenye hifadhi ya jeshi huko Vincennes, karibu na Paris, ambako pia kuna mfululizo wa GR 16 P wa majalada ya watu binafsi waliokuwa katika upinzani dhidi ya Vichy na Wajerumani. Ya maisha ya kila siku kisiwani yako kwenye hifadhi ya mkoa huko Saint-Denis. Omba namba ya jalada kwanza kwa barua pepe, kisha upange safari. Jalada lililohamishwa au linalokarabatiwa halitaletwa mezani kwa sababu umetoka mbali.

Ukipata karatasi yenye cheo chake, tazama tarehe ya saini kabla ya kutazama cheo chenyewe. Karatasi ya kabla ya 29 Oktoba 1945 inaonyesha alivyokuwa akihesabiwa wakati huo. Ya baada ya hapo inaweza kuwa imeandikwa upya kwa kufuata agizo.